Shajara ya mradi: kuwafundisha madaktari wetu utengamao wa wazee (kumrudishia mzee uwezo wa kufanya shughuli zake)

Februari 5, 2024: tunapoanzia

Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo) kwenye hospitali moja huku miteremko ya Kilimanjaro, idara nzima tupo wawili. Naandika hii shajara ili mtu mwenye hospitali kama yetu asianze na sifuri, aone tulichojaribu, kilichogoma na hela iliyotoka. Hela nyingi ni ya mifukoni mwetu wanne: mimi, mwenzangu, dokta mmoja wa wodi za ndani na sista wa wodi ya wanawake.

Kilichotusukuma ni bibi mmoja wa miaka 74. Aliingia na nimonia, kaja anatembea kwa miguu yake, mjukuu kamshika mkono tu. Kalala siku 12. Nimonia ikaisha kabisa, faili likaandikwa "hali nzuri, aruhusiwe", na siku ya kutoka mtoto wake akambeba mgongoni mpaka kwenye gari kwa sababu miguu imegoma. Dawa zote alipewa sawasawa, ila mpaka siku ya 11 hakuna aliyemwinua kitandani. Kuna utafiti wa 2007 waliwalaza wazee wenye afya zao siku 10 kitandani, miguu ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama, na wale walikuwa wazima wanakula vizuri. Bibi yetu alikuwa na homa na chakula kilikuwa hakipiti.

Mimi niliitwa siku ya 11. Hilo limeniuma, ndo maana nikasema tatizo sio bibi wala sio idara yangu, tatizo ni kwamba dokta anayemwona mzee kila asubuhi hajafundishwa kuangalia miguu. Kwahiyo tunafundisha madaktari: walioajiriwa, maintani (madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya kazi) na matabibu.

Kabla ya kuanza nimepitia mafaili 30 ya wagonjwa wa miaka 60 na kuendelea (ndo umri wa mzee kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003). Nilikuwa natafuta sentensi moja tu: kabla ya kuugua alikuwa anatembea vipi. Nimeikuta kwenye mafaili 4.

Februari 26: semina ya kwanza, imefeli

Tumefanya kama semina zote zinavyofanywa. Projekta, slaidi 58, masaa manne, watu 22, chakula cha mchana. Nimewaeleza mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Utengamao 2030 ulioanza 2017, nikawaambia duniani watu bilioni 2.4 wana hali ambayo utengamao ungewasaidia, yani mtu mmoja kati ya watatu. Wamepiga picha slaidi, tumekula, tumeagana.

Gharama: chakula 22 × 8,000 = 176,000. Kuchapa makabrasha 46,000. Jumla 222,000.

Wiki moja baadae nimerudi kwenye mafaili, hakuna kilichobadilika hata mstari. Nikamuuliza intani mmoja, akanijibu vizuri tu bila ubishi: "Fizio, nilielewa kwamba utengamao ni muhimu na kwamba nikuite." Hapo nikaona kosa langu liko wapi. Masaa manne yote nimeongelea idara yangu, sikugusa hata uamuzi mmoja ambao yeye anaufanya saa mbili asubuhi akiwa kwenye raundi ana wagonjwa 30 wanamsubiri. Kwa maneno mengine nimewafundisha kuandika rufaa, na rufaa ndo ile iliyonifikia siku ya 11.

Marekebisho: hakuna ukumbi tena. Dakika 20, wodini, raundi ikiisha tu, mgonjwa mmoja, kitu kimoja. Jumanne na Alhamisi.

Machi 18: kiti na mita tatu

Kitu cha kwanza tulichochagua ni jaribio la simama-utembee, linajulikana tangu 1991 na halihitaji mashine. Mzee anakaa kwenye kiti, anasimama, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa, wewe unahesabu sekunde. Ikifika 12 au zaidi ujue huyu yuko kwenye hatari ya kuanguka. Dokta anaweza kulifanya ndani ya dakika mbili.

Kwenye karatasi rahisi. Wodini tumekosea mara tatu.

Kwanza kiti. Tulichukua kiti cha plastiki cha wageni, chepesi, sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, mama mmoja alipojisukuma asimame kiti kikateleza nyuma na kama sista asingekuwa pale tungekuwa na nyonga iliyovunjika ndani ya wodi yetu wenyewe. Tumesimamisha zoezi siku hiyohiyo. Seremala ametengeneza kiti cha mbao kizito chenye mikono, urefu wa kukalia sentimita 45, na kinaegemezwa ukutani kila mara. 65,000. Tepu ya rangi ya kuweka mstari sakafuni na futi kamba 9,000.

Pili, mkono wa dokta. Maintani wana huruma, wanamshika mzee begani muda wote, sasa hapo unapima nini, unapima nguvu za dokta. Tumekubaliana: unasimama pembeni nyuma kidogo, mkono uko tayari ila haumgusi.

Tatu ndo iliyoniuma zaidi. Bibi mmoja alikataa katakata, akageukia ukutani. Intani alikuwa amesimama mbele yake na simu inahesabu, "simama, nenda, geuka, rudi". Sista akamvuta intani pembeni, halafu akaenda mwenyewe akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Wakaongea habari za mvua na ndizi, akamwambia bibi dokta anataka kujua miguu ina nguvu kiasi gani ili asikuache urudi nyumbani ukaanguke, ngoja akuonyeshe. Intani akakaa kwenye kiti, akasimama, akatembea, akarudi. Bibi akafuata. Sekunde 31.

Toka siku hiyo kanuni yetu ni: shikamoo, kaa, eleza, onyesha wewe kwanza. Tumeibandika ukutani juu ya kiti. Usidhani ni adabu tu, mzee ukimwamrisha kama mtoto hatokupa nguvu zake halisi na kipimo chako kitakuwa cha uongo.

Jambo lingine dogo: sekunde peke yake haitoshi. Tumewaambia waandike pia kama alijisukuma kwa mikono kusimama, na kama alipogeuka aliyumba.

Aprili 15: kiharusi, na kosa tulilolisababisha sisi

Hii naiandika kirefu, atakayekopi mradi asome hapa taratibu.

Kwenye zile dakika 20 tulikuwa na msemo wetu, "mzee asilale". Ulishika haraka, madaktari wanausema mpaka kwenye korido. Wiki iliyopita ameingia baba wa miaka 69, kiharusi, upande wa kulia umelegea. Hajamaliza hata masaa 16 tangu kianze, maintani wawili wenye moyo mzuri kabisa wamemsimamisha na kumtembeza wodi nzima mara mbili, mmoja kamshika kwapa na mwingine anamvuta ule mkono uliolegea. Mara ya pili presha ikashuka, akalegea mzima, maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea. Tulimlaza, presha ikarudi, na maneno yakarudi jioni. Bega lakini lilianza kuuma kuanzia kesho yake.

Wale vijana hawakukosea peke yao, wametekeleza msemo tuliowapa. Msemo haukuwa na kikomo.

Ukweli ni kwamba jambo hili limeshapimwa. Utafiti wa AVERT uliotoka 2015, wagonjwa 2,104 kwenye nchi 5, ulilinganisha kuwasimamisha watu wa kiharusi mapema sana, ndani ya masaa 24 na kwa dozi kubwa, dhidi ya utaratibu wa kawaida. Miezi mitatu baadae waliowahishwa kwa dozi kubwa ndo wachache zaidi waliofikia hali nzuri. Ila uchambuzi wa data hizohizo ukaonyesha kwamba vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi vinasaidia kuliko kipindi kimoja kirefu. Mimi hii nilikuwa naijua. Sikuiweka kwenye somo kwa sababu niliona itawachanganya.

Marekebisho: tumefuta ule msemo na tumetengeneza kadi ya mfukoni ya kiharusi, imechapwa na kulaminishwa, vipande 30 × 1,500 = 45,000. Ina mambo haya:

Masaa 24 ya kwanza hakuna kutembeza. Mgeuze kila masaa mawili, mkono uliolegea uwekwe juu ya mto, na akiwa ametulia akae kidogo ukingoni mwa kitanda presha ikiwa imepimwa. Baada ya hapo dakika chache, mara nyingi kwa siku.

Mkono uliolegea hauvutwi, na hakuna kushika kwapa. Misuli inayolishikilia bega imelala, ukivuta mfupa unashuka kutoka kwenye kikombe chake, na maumivu ya bega yanakaa miezi. Shika kiunoni, kwa mkanda au kanga iliyokunjwa ikafungwa imara.

Mstari wa tatu ni uji. Ndugu wanapenda mgonjwa wao ale na wana haki, ila tumekuta wanamnywesha mtu uji akiwa amelala chali, uji unaenda kwenye mapafu, siku tatu baadae ana nimonia na watu wanasema kiharusi kimepanda. Kwahiyo kabla ya chakula chochote dokta anamkalisha wima, anampa maji kijiko kimoja kimoja na kusikiliza: akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, asile kwa mdomo mpaka apimwe tena. Ni kazi ya dakika tatu, na kwa maoni yangu ndani ya kadi nzima huu ndo mstari unaookoa watu wengi zaidi.

Mei 27: kalamu ya dokta

Leo ndo nimeona mradi umeshika.

Babu wa miaka 81, kaanguka mara tatu ndani ya mwezi. Ameletwa kwangu "afanyiwe mazoezi ya miguu". Dokta mwenzetu akasema kabla ya miguu tuone mfuko wa dawa. Babu anao, mfuko wa nailoni, akaumwaga kitandani: dawa mbili za presha na moja wapo ni ya kukojoza, amitriptyline kwa ajili ya miguu kuwaka moto, diazepam za usingizi, piriton kutoka duka la dawa sababu ya mafua yasiyoisha, na vidonge vyeupe visivyo na jina. Kila kimoja kimetoka kwa mtu tofauti mwenye nia njema.

Maintani wakapima presha amelala: 148/82. Akasimama, dakika moja: 118/70. Akasema mwenyewe, "giza hilo linakuja." Kushuka kwa 20 ya juu au 10 ya chini ndani ya dakika tatu za kusimama tayari ni tatizo, babu ameshuka 30.

Vijana walibishana pale kitandani robo saa nzima kuhusu nini kitoke kwanza, maana nyingi kati ya dawa hizi zinalewesha au zinashusha presha. Diazepam imepunguzwa taratibu (haikatwi ghafla), amitriptyline imetoka, piriton imetoka, dawa ya kukojoza imefikiriwa upya. Leo, wiki mbili baadae, presha ya juu akisimama inashuka 10 tu na hajaanguka.

Nimekaa pembeni nawaangalia nikaelewa kitu ambacho miezi mitatu nilikuwa sikioni: nilitaka kuwafanya mafizio wadogo, wakati kuna sehemu ya utengamao ambayo mimi siwezi kuifanya kabisa na wao wanaiweza kwa kalamu. Mimi sina ruhusa ya kumtoa mtu diazepam. Ratiba imegeuzwa, sasa dawa na presha ya kusimama ndo somo la kwanza, kiti ni la pili.

Fimbo ya babu nayo ilikuwa ya baba yake, ndefu mpaka inampandisha bega, na anaishika mkono ule ule wa mguu mbovu. Fimbo inashikwa mkono wa pili, na ukisimama mkono umening'inia kichwa chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hakutaka nyingine, na ninamwelewa. Tumeikata sentimita 9 chini, tukaweka mpira wa tairi kwenye ncha. Msumeno na mipira ya fimbo kadhaa: 12,000.

Julai 22: tumeenda majumbani

Tulikuwa tunajaza kipimo cha Barthel, cha 1965, alama 0 mpaka 100: kula, kuoga, choo, ngazi na kadhalika. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga kaondoka na 85, wote tukafurahi. Mwezi mmoja baadae mtoto wake akapiga simu, mama hatoki ndani.

Tukaenda, mimi na maintani wawili. Nyumba iko kwenye kihamba (shamba la familia linalozunguka nyumba), chini ya migomba, mteremko mkali. Kufika chooni ni hatua 40 kwenye njia ya tope, na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Jiko ni la mafiga na anakaa kwenye kigoda. Sisi tulimpima kwenye sakafu ya saruji, choo cha kukaa na vyuma vya kushikilia ukutani. Ile 85 ilikuwa ya hospitali yetu, ya kwake haikuwepo.

Intani mmoja akamuuliza, bibi ukipona unataka kurudi kufanya nini? Hakufikiria hata kidogo: "Nikate majani ya ng'ombe. Watoto wako Dar, ng'ombe nitamwachia nani?" Tulikuwa tumeandika lengo "atembee na kifaa". Sasa mazoezi yamebadilika, kuinama, kubeba mzigo mdogo upande mmoja, kupanda mteremko kwa ubavu.

Kiti cha choo tumetengeneza mara mbili. Cha kwanza cha mbao, 30,000, miguu imesimama wima na ardhi ni laini, siku ya pili mguu mmoja umezama kikainama, bahati hakuna aliyekuwa amekaa. Cha pili fundi wa kuchomelea ametumia bomba, miguu imetanuka chini na imeunganishwa na kipande bapa kisizame, 45,000, hicho kipo mpaka leo. Bodaboda safari 8 × 10,000 = 80,000. Kama hela yako inatosha ziara mbili tu basi fanya hizo mbili, na umpeleke dokta sio fizio peke yake.

Huko huko tumerekebisha jambo la kumbukumbu. Wazee watatu walikuwa wameandikwa "amesahau" kwa sababu walishindwa kuchora saa kwenye kipimo cha kumbukumbu. Mmoja hajawahi kushika kalamu maishani. Tumehamia kipimo cha IDEA ambacho kiliundwa hapahapa wilaya ya Hai kwa watu wasiosoma, unatumia njiti za kiberiti badala ya kuchora. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla juzi au jana, kabla hujamwita msahaulifu mtafute maambukizi, maji mwilini na mfuko wa dawa.

Oktoba 1: wamehama

Leo ni Siku ya Wazee Duniani, na maintani wote tuliowafundisha wamemaliza muda wao. Wameondoka na kila kitu. Nimeingia wodini nimekuta kile kiti kimewekewa ndoo ya maji.

Hili tungeliona mapema. Tumeweka ujuzi kwa watu wanaopita, wakati matabibu na masista ndo wanaobaki miaka. Sasa sista ndo mwenye kiti, yeye ndo anampokea intani mpya wiki ya kwanza na kumwonyesha, na tabibu mmoja amechukua somo la presha ya kusimama.

Tumetengeneza muhuri wa kugonga ukurasa wa kwanza wa faili la kila mzee. Wa kwanza ulikuwa na mistari 8, hakuna aliyeujaza. Wa pili una mitatu: KABLA (alikuwa anafanya nini), LEO (anaweza nini), ANATAKA (arudi kufanya nini). Mihuri miwili 50,000, wino 6,000.

Januari 20, 2025: mafaili tena

Desemba watoto walirudi kutoka mijini kama kawaida ya huku, tumetumia hiyo nafasi kuwafundisha jinsi ya kumwinua mzee bila kumvuta mkono. Madaktari wapya ndo waliofundisha, sisi tulikaa kimya.

Hela yote mpaka leo ni 564,000. Kati ya hiyo 222,000 ni ile semina ya Februari.

Nimechukua tena mafaili 30. KABLA imejazwa kwenye 21. Mengi ya yale 9 yaliyobaki ni walioingia usiku au wikiendi, kwahiyo tunaongea na zamu ya usiku. Shida ni mstari wa tatu. Kwenye ANATAKA wengi wameandika "apone", hilo ni jibu la dokta. Tumewaomba waandike maneno ya mzee mwenyewe kama alivyoyatamka. Wiki hii nimeshasoma "niende jumuiya", "nisimame nikipokea wageni", na moja "nisiogeshwe na mkwe".

Kiti cha wodi ya wanaume kiko kwa seremala, safari hii anataka 70,000, mbao zimepanda. Tunakichukua Ijumaa. Mstari wa sakafuni tutaupiga kwa rangi ya mafuta, ile tepu imebanduka na deki.